Kura ya Tawi la Nachingwea

Nachingwea,
Alhamisi, 3 Julai 2025

Mpwa wangu Faudhia,

Assalaam alaykum. Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu Idi ya mfungo mosi. Barua yako ya Aprili niliipata, nikaisoma, nikaiweka juu ya kabati nikisema nitaijibu Jumapili, na Jumapili zimepita zaidi ya kumi. Mimi niliyewafundisha watoto kwa miaka thelathini na minne kwamba barua hujibiwa ndani ya juma moja, sina udhuru.

Huku hatujambo. Mkaza mjomba wako Mwanamvua anakusalimu. Yuko shambani tangu alfajiri kwa sababu mikorosho imeanza kutoa maua na salfa haimsubiri mtu. Ufuta tumekwisha kuukung'uta. Mjomba wako Mohamedi wa Kilimarondo ameleta habari kwamba tembo wameingia kwenye mbaazi zake mara mbili. Miguu ya mama yako inaendeleaje? Mwambie dada yangu kwamba dawa ya kuchua niliyomtumia ni ya kuchua, si ya kuweka dirishani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimepokea barua ya klabu yetu ya Mbwemkuru inayoniita, kama mwenyekiti wa tawi la mashabiki la Nachingwea, kwenye mkutano mkuu wa Jumamosi, tarehe 6 Septemba. Ajenda ni moja: wanachama wakubali kumkabidhi mwekezaji timu. Matawi yako tisa na kila tawi lina kura moja. Kura yetu iko mkononi mwangu.

Mwaka jana mliniletea kurasa tano kuhusu rangi ya skafu. Safari hii, kwa kuitoa klabu nzima, mmeniletea nusu ukurasa. Jina la mwekezaji halimo. Wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba timu itaendelea kuchezea Ruangwa. Wewe ndiwe karani wa ofisi ile na barua zote hupitia mikononi mwako, kwa hiyo nakuuliza wewe: je, timu itabaki Ruangwa?

Nijibu kwa barua, umpe Ignasi, dereva wa gari la asubuhi. Simu siitaki. Maneno niliyomtumia mwenyekiti wa tawi la Ruangwa kwa sauti, kuhusu kocha, yalipigwa kwenye saluni ya kunyolea siku tatu mfululizo, na nimeambiwa vijana waliyajua kwa moyo.

Mjomba wako,
Kaimu

*

Ruangwa,
15 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Barua yako ilinifikia siku ileile uliyoituma. Kuchelewa kujibu ni kwangu.

Mama hajambo kiasi. Dawa ameanza kuichua baada ya kusomewa barua yako, ingawa amesema wewe ulikuwa hivyohivyo hata mlipokuwa watoto. Wanangu wamefunga shule. Tunu amekuwa wa nne darasani na ameniomba nisikwambie, kwa sababu utauliza watatu waliomtangulia ni akina nani.

Habari za timu ni nyingi mwaka huu. Mkataba wa kipa wetu Mudrik umekwisha na bado hajasaini mpya. Kuna timu mbili zinamtaka, lakini nadhani utafurahi kusikia kwamba anaipenda Mbwemkuru. Yule beki wa kushoto uliyekuwa ukisema anakimbia kama mtu aliyesahau mlango wazi ameachwa. Tumemleta mshambuliaji anayeitwa Ismaily, kijana mrefu, mkimya, anayetumia miguu yote miwili. Kocha yuko likizo. Uwanja umepandwa nyasi mpya na zinamwagiliwa asubuhi na jioni. Ukiziona utadhani ni zulia. Watu wanapita pale barabarani wanasimama tu kuzitazama.

Kuhusu lile swali lako, mkutano ndio utakaoamua.

Wasalimie wote. Mwambie mkaza mjomba namwombea maua mengi.

Wako,
Faudhia

*

Nachingwea,
19 Julai 2025

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Huku salama. Nafurahi kusikia habari za miguu ya dada yangu. Tunu mpongeze. Hao watatu ni akina nani?

Umenijibu maswali matano ambayo sikuyauliza, na lile moja nililouliza umelipa mstari mmoja usio na kitu ndani yake. Mwanafunzi akinijibu hivyo nilikuwa nampa sifuri, hata kama mwandiko ni mzuri.

Tena kuna jambo jingine. Bahasha ilifika ikiwa imegundishwa mara mbili. Nimemuuliza Ignasi kama aliifungua, akaapa kwamba hajui hata gundi inauzwa wapi. Sikumwamini. Juzi nilimpa bahasha tupu, nikaitia unywele mmoja chini ya mfuniko, nikamwambia ampelekee fundi saa wa sokoni Ruangwa. Fundi amenipigia simu kusema bahasha haina kitu ila unywele, na kuniuliza kama ninaumwa.

Sasa nisikilize. Katibu wetu wa tawi, Leonard, ana dada yake hapo Ruangwa anayeitwa Albina, ambaye amewapangisha vyumba wachezaji sita. Kila mwaka ligi ikiisha huenda kwao na kumwachia magodoro yao hadi warudi. Mudrik amemwachia godoro lilelile kwa misimu mitatu. Mwaka huu wote sita wameuza magodoro. Mmoja ameuza hata jiko la mkaa. Tena waliuza wakiwa wamejificha, mmoja mmoja, kwa watu wa mbali na pale wanapoishi.

Mchezaji anayeipenda Mbwemkuru anauza godoro kwa nini?

Kaimu

*

Ruangwa,
4 Agosti 2025

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kukaa wiki mbili. Kazi ni nyingi na mama alikuwa na homa, sasa amepona. Tunu amekataa kuwataja.

Ignasi umwombe radhi. Bahasha niliifungua mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuifunga, kisha nikatoa ukurasa mmoja. Haukuwa na maana.

Magodoro huchakaa, Mjomba. Vijana wa siku hizi wanapenda vitu vipya.

Ismaily anafanya mazoezi peke yake uwanjani kila jioni, maana wenzake hawajarudi. Anapiga mpira golini, anaufuata mwenyewe, anaurudisha. Jana aliniuliza wenzake watarudi lini. Nilimwambia bado kidogo. Ana mpira mzuri wa kichwa. Nadhani ungempa alama saba.

Jezi za msimu mpya hazijaagizwa bado. Nasema hilo kwa sababu wanachama wenu watauliza.

Faudhia

*

Nachingwea,
16 Agosti 2025

Faudhia,

Assalaam alaykum. Namshukuru Mungu tumemzika vizuri Bibi Ashura, na Mungu amlaze pema. Alikuwa ndiye wa mwisho wa upande wa bibi zetu aliyenijua kabla sijaitwa Mwalimu. Watu wa Malolo wametuheshimu. Nyumba ilijaa, uji ulitosha, hakuna aliyelala bila mkeka.

Lakini wewe umenivunjia heshima. Nilikuona kwa wanawake asubuhi ile, umefunga kanga ya bluu, nawe uliniona. Tulipotoka makaburini niliambiwa umekwisha kuondoka. Tangu lini mpwa anaondoka msibani bila kumpa mkono mjomba wake? Mama yako alikuwa amekaa pale na miguu yake mibovu, anawaambia watu kwamba umeitwa kazini. Siku ya Jumapili.

Hukuwepo, kwa hiyo nitakusimulia yaliyotokea, maana watu wanayacheka mpaka leo. Tulipofika kaburini, mtani wetu Mbaruku alikuwa ametutangulia. Unajua kazi ya watani msibani: hutuibia viatu, hututukana, hujilaza njiani mpaka walipwe, na hakuna anayekasirika, kwa sababu lolote asemalo mtani siku hiyo halihesabiwi. Mbaruku alikuwa amevaa jezi ya Mbwemkuru ya kijani, juu yake koti la mvua. Akaninyang'anya kofia yangu, akaivaa, akapanda juu ya lundo la udongo.

Akasema, "Mwalimu Kaimu, unamlilia bibi wa miaka tisini na timu yako imekufa huioni? Imekwisha kuuzwa. Inahamia Tabora. Basi limepakwa rangi mpya, na mimi nimeambiwa nichukue turubai lake la zamani nikafunikie mbuzi. Zile nyasi mnazozishangaa pale uwanjani, za kulishia mbuzi wangu. Mabao yenu mtayasikiliza redioni, na redio yenyewe betri sitawapa."

Watu walicheka hadi wachimbaji wakaweka majembe chini. Hata mimi nilicheka. Nikampa elfu mbili, akanirudishia kofia, tukaendelea na maziko.

Hayo yalinifariji siku ile. Yaliyofuata hayakunifariji. Leonard ameniambia kwamba dada yake Albina alikuona sokoni ukinunua masanduku mawili ya bati, makubwa, ya kusafiria. Nimekaa siku tatu nikijaribu kutoandika sentensi hii, nami sasa naiandika: umepewa nini, Faudhia? Wamekuahidi nini ili uninyime neno moja? Nilikulipia ada ya kidato cha tano na cha sita, si kwamba unirudishie, bali nilidhani hutanificha kitu. Wanachama arobaini na watatu wananiuliza kila siku nitapiga kura gani. Nikipiga ndiyo na timu ikaondoka, watasema mpwa wake alijua, naye alijua, wakagawana.

Nijibu kwa neno moja. Sitaki habari za Ismaily.

Kaimu

*

Ruangwa,
26 Agosti 2025

Shikamoo Mjomba,

Mama mzima. Watoto wazima. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama nyuma ya ofisi, na nimeisoma tena mara nyingi tangu siku ile.

Mjomba, sijapewa kitu. Masanduku ni ya nguo za watoto.

Mwezi wa sita mwishoni, tuliitwa watumishi wote wa ofisi, watu watano. Mlango ulifungwa. Tulipewa karatasi tusaini, na Waislamu tukaapishwa kwa msahafu, kwamba hatutamwambia mwanachama yeyote jambo fulani, kwa kinywa, kwa barua wala kwa simu. Hata haya ninayoandika sasa sina hakika kama ninaruhusiwa. Jambo lenyewe siliandiki. Kwenye ule ukurasa nilioutoa nilikuwa nimeliandika, kisha nikamkumbuka Mungu niliyemwapia, nikauchana.

Lakini siku moja Mbaruku alikuja ofisini na karanga zake. Wewe unajua alivyo. Alinichukulia mkoba, akasema hanirudishii mpaka nimchekeshe. Nami nikamchekesha. Ni utani, Mjomba. Mtu hawezi kumwapisha mtu asitaniane na mtani wake. Sikumtuma. Sikumwambia lipi ni kweli. Nilijua tu kwamba Bibi Ashura alikuwa mgonjwa sana, na kwamba siku atakayokufa Mbaruku atasimama mbele yako na hakuna atakayeweza kumnyamazisha.

Niliondoka mapema kwa sababu nilijua akishasema utanitafuta kwa macho, na kama ungeniangalia usoni mbele ya watu, ningelisema.

Nilikaa nyumbani nikisubiri. Nikasema sasa Mjomba amekwisha kujua. Kisha ikaja barua yako. Umeniandikia neno kwa neno, umenisimulia mimi, kisha ukasema ulicheka. Ulimpa elfu mbili ukayaacha palepale makaburini.

Najua unachotaka kusema. Kwamba kiapo nimekizunguka, na aliyekizunguka amekivunja. Nimelifikiri hilo kila nikitawadha.

Kuna jambo moja ambalo ni langu, si la klabu, kwa hiyo naliandika. Nimeulizwa kama niko tayari kuwahamisha watoto shule kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Natakiwa kujibu siku ileile ya mkutano. Mama hajui. Miguu yake haiwezi safari ya siku mbili.

Faudhia

*

Nachingwea,
Jumapili, 31 Agosti 2025

Mpwa wangu Faudhia,

Assalaam alaykum. Sote wazima. Mwanamvua amemaliza mzunguko wa mwisho wa salfa, anakohoa, lakini hataki kuambiwa. Kilimarondo tembo wamehamia shamba la jirani, na Mohamedi anaona haya kufurahi.

Barua yako niliipokea Jumatano. Alhamisi nilikwenda Malolo. Nilimkuta Mbaruku anamenya mihogo ya kuanika. Nilimsalimia kwa adabu, nikakaa, nikamwomba, kama mtu mzima na mtu mzima, aniambie yale aliyoyasema siku ya maziko aliyapata kwa nani na anayajua kwa kiasi gani.

Aliutupa kwenye ungo muhogo aliokuwa ameumenya. Kisha akasema, "Mwalimu, unamhoji mtani? Ukimaliza hapa nenda kamhoji na jogoo wangu kwa nini amewika."

Nikamwambia sitanii. Akasema yeye hakumbuki kitu, ila anakumbuka kwamba kofia yangu ilikuwa na mafuta. Nikamwambia kuna mkutano, kuna kura, mji mzima wa Ruangwa utabaki na uwanja mtupu. Akaendelea kumenya. Nilipoinuka kuondoka akanifungia mihogo minne kwenye gazeti, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu nimjue. Tangu niliposhika mihogo ile sikuwa na shaka tena. Lakini mihogo minne si ushahidi, na siwezi kuiweka mezani mbele ya wanachama.

Sitakuficha kwamba nimejaribu kutokukuamini. Nimejiuliza kama kuna mtu amekutumia ili tawi letu lipige hapana na mwekezaji mzuri akimbie. Nimejiuliza kama hao waliowaapisha hawakuwaambia uongo kwa makusudi, waone ni nani atakayeuvujisha na kupitia wapi. Nimeyapanga yote hayo kama hesabu, na kila nikiyapanga godoro la Mudrik linabaki bila mahali pa kukaa. Huo ndio ugonjwa wangu. Barua zako zote nilizipima kama mwizi anayejieleza, nikapima na bahasha. Aliyesimama juu ya lundo la udongo na kunitajia hadi mji, huyo nilimcheka kwa sababu alivaa koti la mvua.

Kuhusu kiapo chako sitasema neno. Ningekuwa na miaka hamsini ningekuandikia kurasa tatu. Muulize mtu anayejua dini kuliko mimi, usimtajie klabu.

Jumatano hii alasiri, tarehe tatu, wanachama wote arobaini na watatu watakaa barazani kwa Leonard, kabla watu hawajatawanyika kwa maandalizi ya Maulidi. Nitasimama niwaombe wanitume nikapige hapana. Wataniuliza kwa nini. Mwaka juzi nilimsimamisha mwanachama miezi sita kwa kusema kocha anahama, akashindwa kuonyesha alikolipata. Alilia mbele ya watu. Kocha alihama baada ya wiki mbili, nami sikumrudisha, kwa sababu kanuni ni kanuni. Atakuwepo Jumatano. Yeye ndiye atakayeinua mkono wa kwanza kuniuliza, na atakuwa na haki.

Jina lako sitalitaja, na uongo sitausema. Nitawaambia najua, na kwamba siwezi kusema nimejuaje. Wakitaka kunicheka, wacheke. Wakinikatalia na kunituma nikapige ndiyo, nitawarudishia muhuri wa tawi palepale mezani, kwa sababu mkono wangu hautainuka kwa jambo hilo.

Matawi mengine manane sijui yatafanya nini. Nimewaandikia wenyeviti wawili ninaowaamini kidogo. Huenda tukashindwa hata hivyo. Kwa hiyo na wewe usiliache jibu lako hadi siku ya mkutano ukitegemea kura zetu zikuamulie. Mama yako mwambie leo. Akikasirika, mwambie mimi nimesema kuna chumba huku kwangu kisichokuwa na ngazi, na kwamba akikaa huku nitamchua miguu mwenyewe kila siku mpaka anichoke. Wewe uende au ubaki, hilo ni lako. Sitakuuliza tena umepewa nini. Nilikosea kuuliza vile, nami nakuomba radhi, kwa maandishi, ili uwe nayo.

Barua hii usimpe mtu akuwekee. Ichome jikoni.

Baraza likishaamua Jumatano, nitakaa palepale na kukuandikia kabla sijarudi nyumbani: ni mikono mingapi iliyoinuka, na kama ninayekuandikia bado ni mwenyekiti.

Mjomba wako,
Kaimu